Shavu la Kushoto

Mwanza, 14 Januari 2024

Kwako Shangazi Ernesta,

Shikamoo. Mwanza ni joto, mawe yanawaka, nasi tunaoishi juu yake tunawaka nayo. Mimi mzima wa afya. Tangu Novemba nimehamishiwa kliniki ya ngozi, na kazi hii naipenda kuliko wodi niliyokuwa. Huku mgonjwa akipona unaona kwa macho yako.

Baba amenipigia toka Myamba. Tangawizi imekubali mwaka huu, mgongo ndio umegoma. Akaniambia na jambo jingine, kwamba Krismasi hukupanda mlimani. Alikuchinjia mbuzi, akakungoja mpaka saa nane mchana, ndipo akaruhusu watu wale. Anasema tangu uolewe Same hujawahi kukosa Krismasi ya nyumbani, hata mwaka ule aliofariki mjomba, mume wako.

Shangazi, kuna nini? Simu ya picha hupokei tangu mwishoni mwa Novemba. Ya kawaida ukipokea ni maneno mawili, "Niko na mteja," halafu kimya. Kwa hiyo nimenunua bahasha. Nakuandikia kama nilivyokuandikia nikiwa bweni, uliponijibu kila barua hata zile za kuomba sabuni tu. Barua huwezi kuikata kama simu.

Nijibu, tafadhali.

Mwanao,
Irine


Same, 2 Februari 2024

Mwanangu Irine,

Marahaba, mama. Barua yako nimeipokea, nikacheka peke yangu dukani. Mwandiko wako bado unapanda mlima kuanzia katikati ya mstari.

Mimi sijambo. Simu ilianguka ikapasuka kioo, ndiyo maana picha haionyeshi vizuri. Krismasi kazi ilinizidi. Mwambie baba yako anisamehe, nitapanda Pasaka. Nina gauni kubwa mkononi, la Agatha, yule binti mwalimu wa chekechea anayekaa nyuma ya duka langu. Anaolewa Juni na kijana anaitwa Humphrey, fundi umeme. Amenipa kitambaa cha lesi nyeupe kizuri mpaka naogopa kukikata. Kila jioni akitoka shuleni anapita kukigusa, kisha anaenda kwao kupika.

Mvua zimekuwa nyingi, na huku tambarare vumbi limegeuka tope. Cherehani yangu ya zamani bado inadunda. Nakula makande, nalala, naamka, namshukuru Mungu.

Kabla sijasahau, kuna mteja wangu mmoja. Mama mtu mzima, mwenye heshima zake. Mwaka jana alichomwa zile sindano za kujaza mashavu, siku hizi wanaziita fila. Mwanzoni alipendeza. Sasa shavu moja limefanya kinundu kigumu kama mbegu ya parachichi. Kinauma, na asubuhi za baridi ngozi ya juu yake inakuwa nyekundu. Anakikanda kwa maji ya moto na kukiminya kila siku. Ameniuliza kama najua dawa, kwa kuwa anajua nina mtoto muuguzi. Ukipata nafasi nieleze, nimwambie.

Akina mama wa kwaya wanakusalimu.

Shangazi yako,
Ernesta


Mwanza, 16 Februari 2024

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi kusikia habari za lesi na za kwaya. Hapa kliniki tumepata daktari mpya, Msukuma mcheshi, anayewaimbia watoto wakati wa kuwasafisha vidonda. Baba nimemwambia habari za Pasaka. Papo hapo nilimsikia akimwita mtu aende kuangalia mbuzi.

Sasa huyo mteja wako. Mwambie kwanza aache kuminya, leo hii. Na maji ya moto aache.

Mwambie hivi. Ile fila ni jeli inayoingizwa chini ya ngozi. Akiichoma daktari aliyesomea, mahali safi, kwa dawa inayojulikana, wengi huvimba siku mbili tatu, wanapata alama nyekundu au ya buluu, basi, yanaisha. Sitaki umtishe bure. Lakini hata kwa daktari kuna hatari, na kwa mtu asiyesomea hatari ni kubwa zaidi. Vinundu huweza kuja baada ya wiki, hata miezi. Wakati mwingine ni jeli imejikusanya, wakati mwingine mwili unaikataa, na wakati mwingine ni vijidudu vilivyoingia na sindano vikajificha humo. Kinachouma na kuwa chekundu nakishuku zaidi. Kinataka hospitali, si kidonge cha kununua dukani. Na jambo baya zaidi ni kutojua alichochomwa. Aina nyingi za jeli zinaweza kuyeyushwa kwa dawa. Silikoni na vitu vya namna hiyo haviyeyuki, vinakaa.

Na kuna hatari moja nakuandikia kwa herufi kubwa, uikate hii karatasi uiweke kwenye mkoba wako, kwa ajili yake au ya mwingine yeyote. SINDANO IKIINGIA KWENYE MSHIPA WA DAMU, JELI INAZIBA MSHIPA. Ngozi inakuwa nyeupe kama chokaa, au inapata madoadoa ya zambarau kama wavu. Inauma kuliko kawaida, ingawa ikiwa imetiwa ganzi mtu anaweza asisikie. Ukibonyeza kwa kidole na kuachia, rangi hairudi upesi. Ngozi hiyo inakufa. Ikiwa ni karibu na pua au macho, mtu anaweza kupofuka. Hapo hakuna kungoja kesho, hakuna "itaisha yenyewe". Ni saa chache tu.

Nimemaliza somo. Sasa nikuulize mimi. Huyo mteja wako ana umri gani, Shangazi? Na anaimba sauti ya ngapi kwenye kwaya?

Irine


Mwanza, 20 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano hujajibu.

Baba aliteremka Same Jumatatu kununua mbolea, akapita dukani kwako. Anasema ulimpokea umejifunga khanga mpaka puani, ukamwambia una mafua. Hukumkaribisha ndani. Alipanda gari la Myamba akiwa na mawazo, na mbolea akaisahau stendi.

Mafua ya miezi minne?

Sikuulizi kwa nini ulifanya. Hilo utanieleza ukitaka, au usinieleze kabisa, na mimi nitabaki mwanao. Nauliza shavu lipi.

Irine


Same, 3 Aprili 2024

Mwanangu,

La kushoto.

Nimeandika neno hilo saa tatu asubuhi, sasa ni saa saba, ndipo naendelea. Wateja wawili wamegonga, nimewaambia umeme umekatika.

Pasaka sikupanda tena. Unajua tayari.

Nitakueleza kwa nini, maana umesema huulizi. Uliniona baada ya yale magego manne kung'olewa na ile malaria ya mwaka juzi. Mashavu yaliingia ndani. Mimi kazi yangu ni kusimama pembeni ya maharusi nikinyoosha shela, kwa hiyo nipo kwenye picha za harusi za mji mzima. Septemba, kwenye harusi moja pale Hedaru, baba mmoja mwenye mvi aliniletea sahani akasema, "Bibi, kula upate nguvu." Irine, yule mzee amenizidi miaka kumi na tano! Nina hamsini na moja. Nilikula chakula kile huku nimeinamisha kichwa.

Kulikuwa na mama anaitwa Madamu Victoria, anakuja Hedaru kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, anapanga chumba nyuma ya duka la vipodozi. Aliniambia ni muuguzi aliyesomea nje. Alivaa koti jeupe. Sikumuuliza cheti. Mimi, ambaye mteja akiniletea kitambaa nakikagua uzi kwa uzi. Ilikuwa Oktoba. Alinichoma mashavu yote mawili kwa robo saa, akaniambia nisimwambie mtu, wenye wivu ni wengi.

Wiki ya kwanza nilikuwa mrembo. Sioni haya kukuambia. Nilijiangalia kwenye kioo cha wateja nikajikuta naimba. Na siku zile zile Agatha aliingia dukani akasema, "Shangazi, umefanya nini? Umekuwa msichana!" Nikamwambia. Nikamwelekeza kwa Madamu, mpaka mlango.

Mwishoni mwa Novemba kinundu kikaanza, na sasa kimeiva. Juzi kilitoa usaha. Mdomo upande ule haufunguki vizuri, ndiyo maana nakata simu, sauti ingenisaliti. Kwaya nimeacha. Nimewaambia koo linaniuma.

Agatha sijamwambia. Kila jioni anagusa lesi yake, ananiona na khanga usoni, anasema, "Pole na mafua." Nafungua mdomo, unajifunga. Nikimwambia, mji utajua, na baba yako atajua kwamba dada yake mkubwa, mwanakwaya, mjane wa watu, alikwenda kununua mashavu.

Niambie la kufanya. Nitalifanya.

Ernesta


Mwanza, 11 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na asante. Naandika haraka ili bahasha hii iliwahi basi la leo.

Mambo mawili. La kwanza, Jumatatu panda basi uende hospitali ya rufaa Moshi, kliniki ya ngozi, umwulize daktari ambaye jina lake nimeliandika nyuma. Nimeshazungumza naye. Hatakucheka. Kwa mwezi anaona watu kama wewe watatu, wanne, na mmoja wao ni mwanamume mwenye cheo.

La pili ni zito kuliko kisu. Mwambie Agatha.

Baba mwachie mimi, au mwachie Mungu. Lakini Agatha ni wako.

Irine


Same, 6 Mei 2024

Mwanangu Irine,

Kwenye simu ulisikia sauti tu, tena za kukatikakatika. Sasa nimetulia, nikueleze yote kwa mpango.

Moshi nilikwenda kama ulivyosema. Daktari alinipasua kidogo, wakatoa usaha, wakaupeleka maabara, nikapewa dawa za wiki sita. Sehemu ya ile jeli wameikwangua, nyingine wataishughulikia baadaye. Nitabaki na kovu. Nilirudi na bandeji, na bado sikumwambia Agatha. Nilijidanganya kwamba nangoja bandeji itoke.

Jumamosi ile ya tarehe ishirini na saba niliamka nikapiga hesabu ya siku, nikagundua ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilitoka na kandambili mpaka kwa mama yake Agatha. Nikamkuta anachambua mchele.

"Agatha yuko wapi?"

"Ameenda Hedaru tangu asubuhi. Anasema anataka midomo ijae kidogo kabla ya Juni, uvimbe uwahi kuisha."

Nilishika mlango. Kisha nikatoa bandeji mbele ya yule mama, nikamwonyesha. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwelekeza. Tazama nilichopata." Alitazama, akafunga kilemba, akanifuata.

Athumani wa teksi alikuwa stendi anaosha gari. Nikamwambia, "Hedaru, na usimuonee huruma huyu mnyama wako." Alikimbiza. Chini ya saa moja tulikuwa pale.

Nilisukuma mlango bila hodi. Agatha alikuwa amelala kwenye kitanda cha masaji, Madamu Victoria anavua glovu. Mdomo wa juu wa mtoto yule, upande wa kulia mpaka chini ya pua, ulikuwa mweupe. Si wa kupauka. Mweupe kama unga.

"Shangazi?" Agatha akasema. "Mbona unalia?"

"Mdomo wako una nini?"

"Hakuna kitu," Madamu akadakia. "Ni ganzi hiyo. Itaisha jioni. Mama, toka nje, umeleta uchafu."

Nilitoa karatasi yako kwenye mkoba. Nilikuwa nimeikunja mara nne. Nikanawa mikono, nikabonyeza mdomo wa Agatha kwa kidole, nikaachia, nikahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Rangi haikurudi. Nikambonyeza upande wa pili. Kabla sijamaliza kusema moja, damu imerudi.

Hapo ndipo nilipokupigia. Na hapo ndipo uliposikia yule mwanamke akisema, "Kata hiyo simu." Sikukata. Uliponiambia nitafute kiboksi cha dawa, yeye alishakipiga teke chini ya kitanda. Niliingia chini ya kitanda, mimi na magoti yangu haya, nikatoa kiboksi, na kwenye ndoo ya taka humo humo nikatoa sindano iliyotumika, nikavivingirisha ndani ya kilemba cha mama yake Agatha. Nikakusomea herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukasema, "Hiyo inayeyuka, Shangazi. Inayeyuka! Kimbieni Moshi."

Madamu alisimama mlangoni. Alisema tukitoka tutamharibia jina. Mama yake Agatha ni mwembamba, unamjua, hana kilo hamsini. Alimwambia kwa upole kabisa, "Dada, sogea, au nitakupitia juu." Akasogea.

Njia nzima nilikuwa nakanda mdomo ule taratibu na kitambaa cha uvuguvugu, kama ulivyonielekeza. Tulipopita Same madoa ya zambarau yalikuwa yameanza, wavu kweli, kama ulivyoandika. Agatha alinishika mkono akaufinya tu. Karibu na Mwanga akaniuliza, "Nitapofuka?" Nikamwambia, "Nitazame. Unaniona?" Akasema anaona kovu langu. Nikamwambia basi litazame hilo hilo mpaka tufike.

Ulifanya nini huko Mwanza sijui, lakini tulipofika getini mhudumu alikuwa anatungoja na kiti cha magurudumu, na dawa ya kuyeyusha jeli ilishaletwa toka idara ya macho, ambako nao huitumia. Walimchoma mara ya kwanza. Wakangoja saa moja. Mara ya pili. Bado mweupe pembeni. Mama yake alikuwa anasali rozari, mimi Mlutheri nikaitikia zote. Mara ya tatu daktari alibonyeza, akaachia, akatabasamu. Akaniita, "Mama, njoo uhesabu wewe."

Nikabonyeza. Sikufika mbili.

Wekundu ulirudi mdomoni kama alfajiri inavyopanda mlima Shengena. Nilipiga kigelegele humo humo ndani, muuguzi akanikaripia, kisha akapiga na yeye.

Kimebaki kidonda kidogo chini ya pua, kinapona. Harusi wameisogeza mpaka Oktoba. Agatha nimemwomba msamaha mara mbili. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili aliniambia, "Shangazi, ungekaa kimya siku moja zaidi ningekuwa na tundu usoni. Lakini hukukaa." Simstahili mtoto huyu.

Shangazi yako,
Ernesta


Mwanza, 19 Mei 2024

Kwako Shangazi Ernesta,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Barua yako nimeisoma kliniki kwa sauti, daktari wetu akakaa chini. Anataka nikuombe ruhusa aitumie kufundishia wauguzi. Na jana ulivyopokea simu ya picha, bila khanga, ukazungusha uso nikauona pande zote! Kovu linapona vizuri. Endelea na dawa mpaka ya mwisho.

Baba nilimwambia kabla hujaniruhusu, nisamehe. Akasema, "Kwa hiyo alikuwa peke yake Krismasi na maumivu yake, mimi nimenuna kwa ajili ya mbuzi." Usishangae ukimwona.

Jambo moja. Kiboksi na ile sindano bado unavyo? Polisi watavihitaji. Wapo wengine, Shangazi. Mtu hachomi kila mwezi kwa mwaka mzima akawaumiza wawili tu.

Irine


Same, 19 Agosti 2024

Mwanangu Irine,

Salama kabisa. Baba yako yuko hapa, amelala chumba cha wageni, anakoroma mpaka cherehani inatikisika. Ameshuka toka Myamba kwa ajili ya kesi, na gunia la tangawizi kwa ajili ya jirani zangu. Nimerudi kwaya. Sauti ya pili walikuwa wameiharibu.

Ulisema wapo wengine. Wapo. Baada ya Athumani kusimulia stendi nzima, wa kwanza alikuja dukani na kitambaa cha kushona ambacho hakuwa na haja ya kukishona. Akakaa mpaka wateja wameisha, akafunua kidevu. Kisha wa pili, toka Mwanga. Mpaka Julai wamefika sita. Sikuwauliza walikwenda kutafuta nini kwa Madamu, maana najua. Nimewapeleka Moshi wote. Mmoja jicho lake la kulia haliwezi tena kuona vizuri, hilo limechelewa, na linaniuma. Watano wanapona.

Madamu Victoria alikamatwa Juni, baada ya mimi kuwapelekea polisi kile kiboksi na sindano. Si muuguzi, wala hajawahi kuwa. Aliacha masomo mwaka wa kwanza. Ametafuta wakili mzuri, na Alhamisi iliyopita nilipanda kizimbani kutoa ushahidi.

Unajua watu wanavyotusema sisi Wapare, kwamba kesi kwetu ni kama chumvi. Wacha waseme. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Baba yako alikaa mbele na koti lake la ubarikio, lile la sherehe za kanisani.

Wakili akaniuliza, "Mama, kuna mtu alikulazimisha? Si ulikwenda kwa miguu yako?"

Nikasema, "Kwa basi, mheshimiwa."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Wakili akaona haya, akaja kwa ukali. "Mwanamke wa umri wako, mwanakwaya, unataka mahakama iamini ulidanganywa? Ulitaka urembo, ukaupata, ukakutokea puani. Sasa unatafuta wa kumlaumu."

Irine, hilo ndilo neno nililoliogopa miezi yote ile. Ndilo lililonifunga khanga. Na nilipolisikia limesemwa, mbele ya mji mzima na mbele ya kaka yangu, nikaona ni dogo. Nikageukia hakimu.

"Ni kweli nilitaka kupendeza," nikasema. "Hilo si kosa, na ningekwenda kwa daktari lisingekuwa na madhara haya. Nilikwenda kwa mtu aliyeniambia ni muuguzi. Angeniambia ukweli, ningerudi nyumbani na mashavu yangu. Mimi nikimshonea mtu gauni vibaya, nalifumua. Yeye alipoona mdomo wa Agatha umekuwa mweupe, alisema ni ganzi, akatuzibia mlango."

Nikageuza uso, shavu la kushoto likawa upande wa watu. Wala sikuinamisha kichwa. Kisha, nyuma kabisa, yule mama wa Mwanga akasimama, ambaye alikuwa amekataa kutoa ushahidi. Akafungua mtandio. Wa pili akasimama. Mpaka hakimu anasema, "Kaeni, jamani," walikuwa wamesimama wote sita.

Wakili akasema hana swali zaidi.

Nje baba yako alinishika bega. Unamjua, maneno kwake ni kama maji ya kiangazi. Akasema, "Dada, Krismasi nachinja wawili."

Hukumu Oktoba.

Ernesta


Same, 21 Oktoba 2024

Mwanangu Irine,

Najua ulitaka kuja na zamu ikakubana, kwa hiyo nakuletea harusi kwenye karatasi. Kwanza hukumu. Jumanne ya wiki iliyopita amepatikana na hatia kwa makosa yote, kifungo. Alipopitishwa mbele yangu aliniangalia, nami nikamwangalia. Sikuona raha niliyoitarajia. Niliona mtu. Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kile chumba cha Hedaru kitakuwa kimefungwa, na hilo nilisherehekea kwa soda mbili.

Wale sita na mimi sasa tunakwenda mashuleni na makanisani, na Ijumaa tulialikwa msikitini kwa akina mama. Nabeba karatasi yako ya herufi kubwa. Nimeifotokopi mara mia na sitini. Hatumkatazi mtu kupendeza. Tunamwambia aulize jina la mchomaji, cheti, na jina la dawa, na asiporidhika avae viatu vyake aondoke.

Sasa harusi yenyewe, juzi Jumamosi. Gauni lilikaa. Lesi ile niliikata bila kutetemeka. Agatha aliingia kanisani mkononi mwa baba yake, na alama ndogo chini ya pua ambayo aliwakataza wapambaji kuifunika. Nilikuwa nyuma yake nashika shela. Kwaya yetu ya Kilutheri iliombwa kuimba na kwaya yao, na padri alikubali, ila aliomba tusimzidi sauti. Tulimzidi.

Ikafika mahali pa kiapo. Humphrey alisema lake kwa sauti ya mwanaume aliyeishiwa mate. Padri akamgeukia Agatha. Nilimwona akishusha pumzi. Mama yake alinishika kiuno. Mdomo ule, nilioubonyeza kwa kidole, nikaukanda huku magari yakitupisha barabarani, ukafunguka mzima, mwekundu, akasema neno kwa neno bila kukosea, kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliokosa nafasi nje. Kisha, bila kungoja padri amruhusu, akambusu mumewe, na kanisa zima likapiga makofi.

Shangazi yako,
Ernesta